Ushuhuda wa Shangazi na Kopo la Vitamini

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo Columbus, huku Amerika, nikarudi mji wa Shively kuishi na shangazi yangu aliyenilea. Alifunga maboksi ghalani, zamu ya asubuhi. Daktari alikuwa amemwandikia vidonge vya sonona, kimoja kila siku, na baada ya miezi miwili alianza tena kulala, kula, hata kunigombeza. Nilifurahi kugombezwa.

Kisha Jumapili moja alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemwondolea huzuni yote. Akina mama wakapiga vigelegele. Kuanzia siku hiyo aliacha dawa.

"Bon, nilisema mbele ya watu nimepona," aliniambia, akianza na Kifaransa kama wengi wa kwetu. "Nikimeza tena, si nitakuwa nimedanganya Mungu?"

Nilimjibu kama mtu aliyetoka darasani jana: nikamweleza habari za ubongo, nikamweleza kwamba imani na tiba hazipingani. Alinisikiliza huku akikoroga sombe, majani yetu ya muhogo. "Umesoma sana," akasema. "Sasa lete chumvi."

Wiki ya tano bila dawa hakwenda kazini. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, macho yakikitazama kingine. Kazi ingepatikana nyingine. Ule mguu mtupu ndio ulionitisha. Nilizunguka nyumba nzima nikifungua makabati na kuyafunga, bila kujua ninatafuta nini. Alasiri tulikwenda kwa daktari, naye akasema aanze dawa upya. Shangazi alikubali kwa sharti moja.

"Utie mu kopo ya vitamini. Wamama ba kanisa banaingia hapa kila siku. Sitaki baone."

Nilikataa. Siku tatu nilishikilia msimamo wangu dhidi ya uongo, na siku tatu hakumeza. Siku ya nne nikavihamisha vidonge, kisha kwa aibu nikaandika jina la dawa ndani ya kifuniko, kana kwamba hilo lingenitakasa.

Akawa anameza. Mimi ndiye niliyekosa utulivu. Kila mlango ulipobishwa nililitazama lile kopo mezani.

Jumamosi moja alikuja mama wa kwaya, aliyekuwa amehamia kutoka Buffalo. Shangazi akameza kidonge chake kwa chai.

"Ile ni vitamini ya nini?"

"Ya nguvu."

"Basi unigawie, mama! Na mie niko nachoka, usingizi hakuna." Alinyoosha mkono akicheka. "Ama umekuwa mchoyo huku Amerika?"

Kwetu mtu hali kitu mbele ya mgeni akamnyima. Nilisimama. Shangazi alilifunga kopo, akaliweka mapajani.

"Hapana, mama. Si vitamini. Ni dawa ya ule ugonjwa nilisema Mungu aliniondolea."

Sikuthubutu kumtazama mgeni. Lakini hakuurudisha mkono wake; aliuacha mezani, kiganja juu, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Donc, daktari ulimwambia nini, mpaka akakusikia?"