Pumzi Zilizoandikwa Bila Kuhesabiwa

Mimi ni muuguzi, na ukitaka kuniona nimechemka, andika namba ambayo hukuihesabu.

Siku hiyo niliingia zamu ya mchana katika wodi ya watoto ya kliniki moja ya Kyebando, mimi Mkenya niliyekuja Kampala kutafuta kazi. Kwenye kitanda cha tatu alilala mtoto wa miezi minane mwenye nimonia. Mama yake, Mkongo anayeuza vitenge, alikuwa amemzungushia vitenge viwili na blanketi, kisha akakaza fundo kifuani, maana kwao mtoto mgonjwa wa kifua haachiwi baridi impate hata kidogo. Sikumlaumu. Hata bibi yangu angefanya vivyo hivyo.

Nikachukua faili. Saa mbili asubuhi, pumzi arobaini kwa dakika. Saa nne, arobaini. Saa sita, arobaini. Mwandiko safi, hata pa kufutwa hapana.

"Mama, nani amemfungua huyu mtoto leo?"

"Hakuna mutu, musawo," akajibu, kwa neno ambalo Kampala huwaitia madaktari na wauguzi. "Iko vile nilimufunga asubuhi."

Pumzi za mtoto unazihesabu kwa kutazama kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima. Sasa mwenzangu wa asubuhi alitazama kifua gani, jamani? Nikafungua lile fundo. Mbavu zilikuwa zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, na pua zinatanuka. Nilihesabu sabini na mbili, nikaiandika kwa wino mwekundu. Mtoto anaishiwa nguvu pale pale mbele ya watu wazima waliosomea kazi hii, na faili linasema hana shida.

Nilimwita daktari, tukamweka kwenye oksijeni, nikamwinua kichwa, nikakaa naye mpaka akaanza kutulia. Mwenzangu alikuwa bado chumba cha chai. Aliniambia najifanya najua sana, kwamba wodi ikijaa kila mtu huandika hivyo. Msimamizi naye aliniuliza kwa nini nimechafua faili kwa wino mwekundu. Hasira zilinipanda, na niliyowaambia siyajutii hadi leo.

Siku ya tatu mtoto alinyonya vizuri, oksijeni ikatolewa. Mama yake akanishika mkono, macho yake yako chini.

"Musawo, unisamehe. Ni miye nilimufunga sana, ndiyo maana hamukuona."

Katika wodi ile nzima, yeye peke yake ndiye aliyeomba msamaha.