Nyuki wa Bibi Kwandu

Nakumbuka, mwanangu, na wala sioni haya kukumbuka: kwa miaka miwili mizima ya ujana wangu niliamini kwamba ndani ya pombe kali wanaishi nyuki. Nyuki wenyewe, wenye miiba, wadogo kuliko punje ya ulezi, wamelala. Ukiiacha pombe ikae mdomoni mpaka ipate joto, wanaamka. Kwa hiyo mtu mwenye akili huishusha yote kwa mkupuo mmoja, wakafika tumboni wangali na usingizi.

Usinicheke mapema. Uvumi huu ulikuwa na elimu nyuma yake. Mchana nilikuwa nikibeba marobota ya pamba hapa Bariadi, jioni nasoma shule ya watu wazima, na siku moja mwalimu alitufundisha kwamba pombe huchachuka kwa kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Kengele ikalia hajamaliza. Rafiki yangu Maduhu, niliyekaa naye dawati la nyuma, akalimalizia somo njiani: viumbe hai, ndani ya kitu kitamu kinachochoma koo, watakuwa nani kama si nyuki? Kila pombe kali ina asali, akasema, na kila asali ina wenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa nusu, na nusu ina hatari kuliko kutoambiwa kabisa.

Siku zile nilimpenda Minza, binti wa kijiji cha Mwandoya aliyekuja mjini kujifunza ushonaji. Nilimpenda hadi nikakonda, baiskeli yangu ikawa inakwenda bila kujua kama imebeba mtu. Minza alilelewa na bibi yake, Bibi Kwandu, mpishi wa pombe ya mtama ambaye sifa zake zilivuka kata jirani ya Kimali na kuendelea. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, mchumba anapewa kibuyu, anaonja, kisha anaeleza ameonja nini. Bibi alishikilia kwamba mwanamume asiyetambua kazi ya mikono ya mtu atakula cha mke wake miaka arobaini bila kujua kama ameoa. Wachumba wawili walikwisha kurudishwa kwa desturi hiyo. Minza akanionya, "Shija, usijidai. Sema unachokipata, basi."

Maduhu naye akanipa ushauri wake: nisile chochote tangu jana yake, ili nyuki wakifika tumboni wasikute pa kutua. Nikamtii Maduhu. Ujana ni moshi, mwanangu.

Mimi na baba yangu mdogo, mzee Jilala, tulifika Mwandoya juu ya lori la pamba, mimi na njaa ya kuweza kula robota. Tukamwamkia Bibi Kwandu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani mama, akaitikia, akatukaribisha uani. Alikuwa mama mfupi, mikono yake hadi kwenye viwiko ina rangi ya kimea. Minza alisimama mlangoni pa jiko akikunja na kukunjua pindo la kanga. Bibi akachota kwa kata, akanijazia kibuyu pombe nzito ya rangi ya udongo mwekundu, povu limekaa juu kama kofia. Akasema imekomaa siku saba, nionje taratibu.

Nikaishusha yote. Sikupumua. Moto ulinipita kooni kama lori lililokatika breki, machozi yakanitoka ya kutosha kunywesha ndama. Kisha tumbo likanguruma. Likanguruma tena, safari hii hata kuku waliokuwa uani wakageuza shingo. Nikalishika kwa mikono miwili nikasema moyoni, wameamka.

Bibi Kwandu akaniuliza nimeonja nini.

"Asali, mayu," nikasema. Ningeishia hapo ningekuwa na afadhali, lakini ulimi hauna mfupa. Nikaongeza kwamba ni asali ya porini, ya nyuki wa mbuga za Serengeti, wale waliokula maua ya mgunga, tena nyuki wakali wanaofukuza hata simba. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikadhani ananipongeza, nikaendelea na simba.

Bibi alikitazama kile kibuyu kitupu kwa muda, kama mtu anayetazama shamba lililoliwa na ng'ombe wa jirani.

"Kijana, hukuonja. Umemeza, na mbuzi naye humeza. Mimi nimekaa siku saba juani na motoni, na wewe umenimaliza kabla sijaketi." Akamwangalia Minza, akanirudia. "Na mjukuu wangu si wa kumezwa."

Akanipa nafasi moja tu: nirudi atakapopika tena, baada ya mwezi. Nikikosea, ng'ombe wetu wabaki kwetu na habari iishe. Minza alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Alikuja kuniambia baadaye kwamba yote mawili.

Mwezi ule nilijifunza ulimi upya. Nilianza na maji: ya kisima cha chini yana chumvi kidogo, ya bombani yana ladha ya chuma. Nikaenda kwenye uji, mlenda, maziwa ya mgando. Jioni moja nikamwambia mama yangu mzazi, "Mama, karanga za leo umezikaanga kuzidi za jana, zimenoga." Mama akaweka mwiko chini. Akanigusa paji la uso aone kama nina homa. Kisha akaniambia kwamba tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo lolote kuhusu karanga. Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Piga hesabu ni sahani ngapi nilizomeza bila kumwona aliyezipika.

Siku ya kurudi Mwandoya mama hakuniacha nitoke mpaka nimalize bakuli la uji.

Bibi akachota, Minza akasimama palepale mlangoni. Safari hii niliogopa kwa sababu nilikwisha kuamua kuiacha pombe ikae mdomoni, na bado niliwaamini wale nyuki kama ninavyoamini kesho. Nikasema kama ni kuumwa, niumwe mbele ya Minza. Nikanusa kwanza. Nikapiga funda dogo, nikalishika kwenye ulimi, nikafumba macho.

Hawakuja. Ilikuja harufu ya ukoko wa ugali, ule wa chini ya sufuria watoto wanaougombania. Nyuma yake uchachu kama wa maziwa ya mgando ya siku ya pili, kisha utamu wa kimea kilichopata jua la kutosha. Mwishoni kabisa, uchungu mdogo nyuma ya ulimi, na joto likashuka taratibu hadi magotini, kama mtu aliyeota moto kutoka ndani. Nikaeleza yote hayo. Nikasema unga huu ulikaangwa kwenye bati, na aliyeukaanga hakuondoka jikoni hata kidogo.

Hapo ilibaki asali. Ningeweza kuitaja tena nisionekane kigeugeu. Nikamwona Minza, nikakumbuka alivyonionya.

"Asali sijaipata, mayu. Nimeitafuta kila pembe. Kama ipo, ulimi wangu haujaifikia."

Baba mdogo akafumba macho. Bibi akanipokea kibuyu, akapiga funda lake, akampa mzee Jilala. "Haya," akasema, "tuzungumze habari ya ng'ombe."

Minza ndiye mama wa watoto wangu. Juzi mmoja wao alinijia na chupa ya bia nyeusi, nzito, waliyoipika vijana wenzake watatu kwa mapipa mawili na mikono yao. Akaiinua, akaishusha yote huku akitazama simu, akasema, "Kali, baba." Hata pilipili ni kali. Ndiyo maana nikaamua kuandika haya, kwa ajili yake na ya kila kijana ninayemwita mwanangu.

Nasaha yangu ni hii. Ukishafikia umri wa kibuyu, kunywa kidogo, na hicho kidogo kionje kweli, kwa maana waliosema mwonja asali haonji mara moja hawakumzungumzia mlevi. Usisifu usichokipata ili kumpendeza mtu, wala usione aibu kusema hujakipata. Na kabla ya pombe ya watu, anza na chakula cha mama yako. Mungu akupe ulimi mpole na mkono wa kushika kibuyu bila pupa. Akupe nyumba ambayo anayepika ndani yake anajulikana kwamba amepika, na wakwe wenye subira kuliko wangu.

Na wale nyuki? Jioni ile wakati wa kuaga nilimsimulia Bibi Kwandu habari yote, mwalimu, kengele, na Maduhu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Asali hukuipata kwa sababu haimo," akasema. "Ni mtama, kimea na maji. Na kilichonguruma siku ile ilikuwa njaa."