Kiti cha Nkambo

Harufu ya nta ya sakafu hunirudisha katika ile nyumba ya zamani ya Wazungu, iliyogeuzwa makumbusho. Mama alisimama mbele ya kiti cha mti, kilichobebwa na mwanamke wa kuchongwa.

"Hii ilikuwa ya nkambo yangu, mama ya mama," akaninong'oneza, akapiga magoti.

Mlinzi, mtu mweusi kama sisi, akaja mbio.

"Mama, simama. Muzungu iko anakuya."

Mama akaanza kupiga makofi polepole, vile tunavyosalimia wakubwa. Viatu vilisikika koridoni. Nikaanza kulia.

"Banafanya nini hapa?" Mzungu akauliza.

"Mutoto ameangusha hereni, bwana. Banaitafuta."

Mzungu akapita. Ndipo mlinzi naye akapiga magoti kando ya mama, akamuuliza jina la nkambo.