Mtoto Aliyetulia Mbele ya Kamera

Hata leo nikifungua chupa ya siki, naifunga tena upesi. Msinicheke. Hiyo ndiyo harufu ya chumba cha nyuma cha nyumba yetu pale Ngumbo, kando ya ziwa, enzi za Mwingereza, ambako baba alisafishia picha kwa dawa. Dirisha alilifunga kwa blanketi la kijivu, na sisi watoto tulikatazwa kuingia. Wajukuu wangu wakitaka kachumbari, siki wanajitilia wenyewe.

Baba alijifunza kazi kwa padri mmoja, aliyemwachia kamera ya miguu mitatu aliporudi kwao. Studio ilikuwa sebule yetu. Watu wazima walitoka vizuri, maana mtu mzima akiambiwa asipumue, hapumui. Watoto ndio waliomtesa. Akishavua kifuniko cha kamera na kuanza kuhesabu, mtoto amegeuka, na picha inatoka ina masikio manne na pua haipo. Akina mama walioteremka milimani kutoka Ukata na Mkumbi waliondoka wamenuna.

Baba hakukubali kushindwa. Alikata miguu ya kamera kwa msumeno ili ilingane na macho ya mtoto. Kiti akakisogeza kwenye dirisha la upande wa ziwa, na ng'ambo yake akatundika shuka jeupe la mama ili mwanga urudi usoni. Aliyefanyiwa majaribio yote hayo alikuwa mdogo wangu Gaudensi, wa miaka mitatu, ambaye hata ugali aliula huku anakimbiza kuku. Shuka likatundikwa, likashushwa, likatundikwa tena, na Gaudensi akawa anatoka kama moshi. Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua ziwa lilikuwa kimya na mawingu yameinama. Gaudensi alipanda kitini mwenyewe, akaweka mikono magotini, akaitazama kamera. Baba alihesabu mpaka tano. Mtoto hakupepesa.

"Mmeona?" baba akasema. "Ni mwanga ule! Nimeupata!"

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Hakucheka. "Baba Tekla, mtoto huyu leo hajagusa uji. Na hajakimbiza hata kuku mmoja."

"Amekua, Mama Tekla. Acha nimpige nyingine."

Akampiga nyingine, na nyingine tena. Mimi nilisimama nikimwonea wivu mdogo wangu. Baba alipoingia chumba cha nyuma, mama alimsogelea mtoto akamgusa paji la uso, na ungo ukamponyoka, usipa wakatapakaa sakafuni. Huko ndani baba alikuwa anatuita kwa furaha, uso umetokea safi mpaka kope.

Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku. Mama alimfunga Gaudensi mgongoni wakatoka mvuani, baba nyuma yake bila viatu, mikono bado ina dawa. Walirudi kesho yake. Baba ndiye aliyembeba, mtoto amefunikwa kanga ya mama mpaka kichwani.

Picha ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizopiga. Waliokuja msibani waliisifu, wakataka watoto wao wapigwe vile vile. Baba aliendelea na kazi, ila akawa na tabia ambayo watu waliiita wazimu: mtoto akitulia sana, anafunika kamera. "Mama, huyu acheze kwanza," alisema. "Asipocheza, mpeleke zahanati. Picha itangoja." Walimkasirikia, naye hakujali.

Mimi nilikuwa mtoto mtulivu, na baada ya msiba nikazidi, nikitaka anisifu kama alivyomsifu Gaudensi. Kila Jumapili nilikaa kitini na gauni la kanisani, sipepesi. Baba aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, akakaa humo muda mrefu, kisha akatoka bila kuvua kifuniko. "Nenda kacheze, Tekla." Nililia. Niliamini nina sura mbaya, na imani hiyo nikaenda nayo mpaka kwa mume.

Mchana mmoja mwanangu wa kwanza, mtundu kupita kiasi, alikaa kizingitini akanyamaza, akinitazama. Hakuwa na homa, alikuwa amechoka tu. Lakini nilimkimbilia. Nilimtikisa mpaka akalia, nami nikalia pamoja naye kwa shukrani, na hapo ndipo nilipomwelewa baba. Alikuwa ameshazikwa. Mimi, binti wa mpiga picha, sina hata picha moja ya utoto wangu.