Gauni Alilolishona Mama Bila Kuliona

Mama alikuja London mara moja tu maishani mwake, mwishoni mwa miaka ya tisini, akakaa nami wiki sita kule Hayes. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika bohari la mizigo karibu na uwanja wa ndege, narudi nyumbani nyayo zinawaka. Yeye alikuwa fundi cherehani Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakujua kukaa bure. Wiki ya pili haijaisha, alishakata mapazia yangu yote yaliyokuwa yakiburuzika chini, akashona upya foronya, akaanza kuwauliza majirani kwa ishara kama wana nguo za kutengenezwa. Nikaona nimtoe kidogo kabla hajafungua duka sebuleni kwangu.

"Unataka kuona nini, mama? Kasri la malkia?"

"Kasri hata kwetu lipo. Nipeleke kwenye yale masanamu ya nta. Jirani yangu alipelekwa na mwanawe, mwaka wa tatu huu hatupumui kwa hadithi zake."

Tukaenda Jumamosi. Tulisimama kwenye foleni iliyozunguka jengo zima, yeye na buibui lake na mkoba wa ngozi uliojaa kama anasafiri. Ndani, sanamu zilikuwa zimesimama katikati ya watu, hakuna kamba wala kioo, unaweza ukamwomba mtu radhi kumbe ni nta. Watalii walikuwa wakiwakumbatia mabingwa wa mpira na waimbaji, wakipigana picha. Mama hakushughulika na nyuso. Alitazama kola na mabega. Mbele ya waziri mkuu mmoja wa zamani alisimama kidogo tu, akasema, "Koti limemshuka. Huyu alipimwa amekaa," akaendelea na safari.

Kwenye ukumbi wa wacheza sinema ndipo aliposita. Alikuwa ametazamana na mwanamke aliyevaa gauni la hariri, kifua kimekunjwa mikunjo midogo midogo, kiuno kimebana, chini limefunguka.

"Gauni hili nimelishona mie," akasema.

Nilidhani amechoka. Nikamtafutia pa kukaa, hakutaka. Akanieleza palepale, watu wakitupita. Alipokuwa bado kijana, filamu ya mwanamke huyo ilionyeshwa mjini kwetu, na wasichana wakitoka sinema walikuja moja kwa moja kwenye cherehani yake. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga, hakuwahi kwenda kuiona. Basi wao walisimama mbele yake na kulichora gauni hewani kwa mikono, mmoja anasema mikunjo inaanzia hapa, mwenzake anasema hapana, hapa. Yeye akakata. Sikukuu ile ya Idi alishona manne.

"Na lilikuwa hivi?" nikamuuliza.

"Hivi hivi. Hebu tazama mikunjo, imelala upande mmoja kama yangu."

Sijapata kumwona na uso ule. Akazunguka nyuma ya sanamu, na kicheko kilichomtoka kiliwageuza watu wote waliokuwa karibu.

"Zipu! Mie niliweka vifungo kumi na vinne, nikavivika kitambaa kimoja kimoja. Wale wasichana hawakuniambia kitu juu ya mgongo!"

"Labda kwenye filamu hakugeuka, mama."

"Basi mgongo nimeutunga mwenyewe," akasema, na akaonekana kufurahi zaidi.

Kisha akachuchumaa, akashika pindo la gauni, akalipindua.

"Mama! Usimfunue mwenzio mbele za watu!"

"Nafunua gauni, simfunui yeye. Njoo uone, upindo umefumuka shubiri nzima. Watu wanaukanyaga." Akafungua mkoba, akatoa sindano na kibunda cha uzi.

Mlinzi akatufikia kabla uzi haujaingia tunduni. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, akasema haturuhusiwi kugusa nguo. Nikamwomba radhi mara tatu kwa pumzi moja. Nilikuwa nimeishi miaka minane katika mji ule na hakuna neno nililolijua vizuri kuliko hilo.

"Mwambie mie ni fundi," mama akasema, bado kachuchumaa. "Mwambie atakayekanyaga tena atalichana mpaka magotini. Hariri ikishachanika haifichiki. Mwambie ni kazi ya dakika kumi."

Nikamgeukia mlinzi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anaomba samahani, hakujua.

Kiingereza cha mama kilikuwa cha kusalimiana tu, lakini "sori" alilijua. Akasimama wima.

"Mie sikusema sori. Nimesema maneno mengi, wewe umesema moja, tena lako mwenyewe. Sema kama nilivyosema."

Niliona haya. Lakini nilisema. Nilisema yeye ni fundi, nikasema habari ya magoti na ya hariri na ya dakika kumi, na nilipofika mwisho niliisikia sauti yangu mwenyewe imetulia, haiombi kitu. Mlinzi akamtazama mama, akatazama pindo, akaita mtu kwa redio yake.

Akaja mwanamke wa makamo mwenye utepe wa kupimia shingoni. Mama alipouona ule utepe tu akatabasamu. Yule mwanamke alipiga magoti, akakagua, akasema angelishona baada ya kufunga. Kwa sasa angelibana kwa pini.

"Pini itamchoma mtoto wa mtu," akasema mama. Nikatafsiri yote.

Yule mwanamke akafikiri. Kisha akamsogezea mama pindo, akasema kawaida hawaruhusu, lakini amwonyeshe basi angeshonaje. Mama akavaa subana yake kidoleni, akaketi sakafuni na kushona, akiingiza sindano kwa kuchota uzi mmoja tu wa kitambaa ili nje pasionekane kitu. Watalii walituzunguka, wakaacha kupiga picha sanamu wakapiga picha mkono wa mama. Fundi mwenzake akainama karibu sana, akaomba arudie polepole.

Walipomaliza, mama akauliza habari ya zipu. Yule mwanamke akaeleza kwamba mikono ya nta haikunjiki, ukitaka kumvalisha lazima gauni lifunguke lote.

"Hiyo sababu ya kazi, sina neno," mama akasema. "Na la kwenye filamu lilikuwaje mgongoni?"

Yule mwanamke akacheka. Hajui. Naye alilishona kwa kutazama picha, na picha zote alizopewa zilikuwa za mbele.

Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake, na sikuhitajika.

Tulikula sandwichi bustanini, mama kavua viatu, akanisimulia wateja wake wa zamani mpaka jua likahamia upande wa pili wa miti. Hakunikumbusha lile neno la sori.

Mimi ndiye niliyelibeba. Miaka miwili baadaye niliacha bohari, nikaanza kazi ya ukalimani hospitalini. Siku yangu ya kwanza nilimfasiria mzee mmoja wa Kipemba. Alieleza maumivu yake ya goti kwa kirefu, akapita kwenye safari ya bibi yake na bei ya dawa, akarudi kwenye goti. Daktari akanitazama, kalamu mkononi, akingojea maneno mawili. Nikaanza mwanzo, nikasema yote.