Ukurasa wa Kisigino

Kisigino alitoka nyumbani asubuhi moja akiwa na aproni yake ya kazi kiunoni, akamwambia mama yake anakwenda kununua gundi, na hakurudi. Alikuwa mshona viatu, hodari wa kubadilisha visigino, na jina lile likamganda hata kwao. Miaka miwili kabla ya siku hiyo akili yake ilikuwa imeanza kuyumba. Kuna siku alikuwa mzima kama wewe na mimi, na kuna siku alishinda na kiatu kimoja, akishona, akifumua, akishona tena.

Mzigo wa kumtafuta ulimwangukia kaka yake mkubwa, ambaye watu walimwita Fundi. Alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi ya maji: aliyesahau neno lake la siri na aliyemwagia kibodi chai, wote walikuwa wateja wake. Alizunguka vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti. Alibandika matangazo kutani. Mvua ikayaosha, na yaliyopona mvua yakafunikwa na matangazo ya vyumba vya kupanga.

Katika kuhangaika huko akafika kwenye chama cha familia zilizopotelewa na ndugu zao. Kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la dawa, na mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu ambaye mumewe naye alitoka siku moja asionekane tena. Kila aliyepotea alikuwa na faili lake kabatini. Fundi akalitazama kabati lile, akamuuliza Mwalimu, je, nesi aliye hospitali ya mbali atalionaje. Mwalimu akacheka kidogo, akamwambia kama ana dawa ya hilo, ailete.

Basi akajitolea. Kila Jumamosi, kwa miaka sita, alipanda ngazi zile na kompyuta yake begani. Alitengeneza tovuti nyepesi, isiyo na madoido, inayofunguka hata kwenye simu ya bei rahisi penye mtandao wa kusuasua. Kila mtu alipewa ukurasa wake: picha, siku aliyopotea, alama za mwilini, namba ya simu. Kisigino naye alipata wake, na hapo kwenye alama Fundi aliandika kwamba kidole gumba cha kushoto hakina ncha, kilikatwa na kisu cha kazi. Kisha akatafuta wengine wa kujitolea kwa njia hiyohiyo ya mtandao: mwanasheria wa kujibu maswali ya familia, manesi wa kuwaonyesha wenzao wodini, mwanamke mmoja aliyejua lugha nne na hakuwahi kukanyaga ofisini kwao hata mara moja. Watu wakaanza kupatikana. Mzee mmoja kiziwi alirudi kwa wanawe baada ya miaka minne, kwa sababu mfagizi wa kituo cha mabasi alilinganisha kovu na picha.

Chema chajiuza, na chama kikajulikana. Wakaja wafadhili, na wafadhili wakaleta kikosi cha vijana wataalamu kutoka kampuni kubwa, waliopewa wiki moja na mwajiri wao kujitolea. Walikuwa watu wazuri, hilo Fundi hakulikataa hata siku za hasira. Walimsalimia kwa heshima, wakamuuliza maswali ya maana, wakafanya kazi hadi macho yakawa mekundu. Lakini siku ya tatu waliweka picha ukutani kuonyesha tovuti mpya, na Fundi akaona nyuso zinazocheka tu, watu waliopatikana, wakikumbatiana na ndugu zao. Aliuliza wale ambao bado hawajapatikana wako wapi. Kijana aliyeongoza kikosi akaeleza kwamba watabaki waliopotea ndani ya miaka mitano. Wa zamani zaidi, alisema, wanaifanya tovuti iwe nzito na wageni wanakata tamaa.

Kisigino alikuwa na miaka saba tangu apotee.

Fundi akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akakunja na kukunjua miwani yake, akasema, "Hata mume wangu ataondoka, Fundi. Tukikubali sasa, kesho tutaomba warudishwe."

Fundi hakubishana. Aliandika maneno yote ya siri kwenye karatasi, akaiweka mezani, akashuka ngazi. Siku ya uzinduzi aliitwa, kumbe aliitwa kwa sababu ukumbi haukuwa na waya wa kutosha wa kuunganishia umeme, naye alikuwa nao. Vijana wakapewa vyeti. Mwalimu akawashukuru wataalamu waliokitoa chama gizani. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia, ameshika plagi iliyolegea.

Toka siku hiyo akasusa. Nakala ya kurasa zote za zamani, elfu moja na mia nne na kitu, alikuwa nayo kwenye flashi, ndani ya droo ya mashati. Kuirudisha mtandaoni ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Mke wake alimwambia hivyo si mara moja. Alimwambia ukisusa wenzio wala. Fundi akajibu kwamba waache wale, watavimbiwa, na siku watakayomhitaji wanajua anapokaa. Jumamosi akawa anaosha gari lisilo na uchafu.

Mwezi wa kumi tangu asuse, akiwa kazini, simu yake ikaita. Alikuwa nesi wa hospitali ya mji wa mbali, siku nzima kwa basi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama yeye ndiye mwenye ndugu asiye na ncha ya kidole gumba.

"Ndiye mimi," alisema Fundi. "Yuko wapi?"

Yule nesi akaanza kueleza badala ya kujibu, na Fundi akajua. Mgonjwa aliletwa na wasamaria wema, homa ya mapafu, hajui jina lake wala kwao. Nesi alikiona kile kidole akakumbuka ukurasa aliowahi kuonyeshwa na mwenzake miaka miwili nyuma. Akautafuta, hakuuona. Akaandika ujumbe kwenye ile tovuti mpya, akajibiwa palepale na mashine kwamba wanamshukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao. Mgonjwa alikaa wodini siku kumi na tisa. Halmashauri ikamzika kama asiyejulikana. Miezi mitatu baadaye ndipo mwenzake yule alipokuwa akisafisha simu yake, akakuta picha ya ukurasa wa zamani, na namba ikiwemo.

"Niliutafuta sana, kaka," alisema nesi. "Nilidhani nimekosea jina."

Fundi alisafiri na dada yake. Walionyeshwa tuta lenye kibati cha namba, katikati ya matuta mengine ya namba. Dada yake alilia hadi akaishiwa nguvu. Fundi hakulia; alihesabu siku kumi na tisa, akazitoa kwenye ile miezi ambayo flashi ilikuwa chini ya mashati, na kila alivyohesabu, hesabu ilimkataa.

Aliporudi, mke wake alimpokea begi, akampa maji ya kuoga, na hakusema lolote kuhusu droo. Heri angesema. Kesho yake Fundi hakwenda kazini. Alizirudisha kurasa zote mtandaoni kwa anwani nyingine, na kazi ikamchukua saa tatu na robo.

Mwalimu alikuja kutoa pole. Aliketi na mama mtu, wakashikana mikono, na aliposimama kuaga akamwomba Fundi, macho chini, kama zile kurasa zingeweza kuunganishwa na tovuti ya chama. Fundi alimjibu kwamba atamwandikia anwani, azichukue zote, na ukurasa wa mumewe umo. Alimsindikiza hadi barabarani.

Wageni walipokwisha, mama yake akamwita akae karibu. Hakujua mambo ya mitandao, lakini maelezo ya nesi alikuwa ameyasikia kwa binti yake.

"Mwanangu, uliniambia ule ukurasa hata mtu wa mbali anauona. Yule nesi mbona hakuuona?"

"Uliondolewa, mama."

"Na nani?"

Angeweza kuwataja vijana, ambao walisharudi kwao. Angeweza kumtaja Mwalimu, na isingekuwa uongo.

"Wao waliutoa," alisema Fundi. "Mimi nilikuwa nao ndani, nikaacha kuurudisha."

Mama yake akajivuta taratibu upande wa pili wa mkeka, akamgeuzia mgongo.