Masaa Yasiyotosha Kutoka Guangzhou

Asubuhi ile mume wangu alinitumia ujumbe: "Tunapanda ndege Guangzhou. Tutapitia Doha. Niombee." Nikamwombea. Alasiri hiyohiyo akasimama mlangoni mwa duka letu la mabegi, Kariakoo, anaburuta sanduku na kutabasamu.

Nilimpokea kwa furaha. Ila shati lake lilikuwa limenyooka kama limetoka kwenye pasi. Mtu aliyelala kwenye kiti cha ndege?

Alipoingia msalani nikamfuata jirani yangu wa duka la vitenge, ambaye China huenda na kurudi.

"Dada, kutoka Guangzhou mpaka hapa ni muda gani?"

"Ukipitia Doha? Siku nzima inaisha, na kusubiri juu."

"Na asipopitia popote?"

Akaangalia simu yake. Karibu kilomita elfu tisa, masaa kumi na moja hivi angani. "Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Nilirudi dukani. Kichwani nilishamwona mwanamke wake: mrefu, mweupe, ana chumba chake Sinza na pasi yake.

"Uliniambia mnapanda ndege asubuhi," nikamwambia. "Ndege gani hiyo iliyokufikisha alasiri?"

"Mtandao ulichelewesha ujumbe."

"Saa uliyoutuma imeandikwa hapa. Ni nani huyo?"

Akakaa juu ya sanduku. "Hakuna mtu. Viza walininyima."

Hakuvuka hata mpaka. Mtaa mzima ulishamsomea dua na kumwagiza vitu, akaona aibu kusema. Wiki zote nilizodhani yuko China alikuwa Magomeni, kwa dada yake. Mabegi aliyoleta alinunua kwa jumla hapahapa Msimbazi, akabandua stika za duka.

Kilichoniuma ni wifi yangu. Nilimpigia simu katikati ya wiki hizo kumjulia hali, akaniuliza, "Kaka yangu anasemaje huko, baridi kali?" Naye kaka amekaa pembeni yake, anakula wali wake.

"Toka ukawaambie majirani mwenyewe," nikasema. "Mimi sitakusemea."

Alitoka. Nikabaki nyuma ya mabegi, sikio mlangoni. Alianza na jirani wa vitenge. Alieleza kwa kigugumizi hata nikamhurumia.

"Tungekucheka siku mbili tatu," yule dada akasema, "halafu tungesahau. Lakini uongo huu, kila tukikuona tutaukumbuka."

Wifi alikuja Ijumaa kuomba radhi. Nilimpa chai, sikumpa maneno mengi.

Mwaka uliofuata viza ilitoka. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikasimama hadi akapotelea ndani. Nyumbani nikafungua simu kwenye ramani inayoonyesha ndege, nikakaa nayo mapajani, nikitazama kidege kidogo cha njano kikiiacha pwani yetu. Chakula kiliungua jikoni. Sikuinuka.